Tarehe Iliyorudi Nyuma

Mkutano wa wanafunzi wa zamani ulikuwa tarehe 15 Machi 2025. Tovuti niliyoitengeneza mimi ikatangaza tarehe 14, na mzee mmoja akasafiri toka Gulu akakuta uwanja mtupu.

Katika JavaScript amri iitwayo toISOString huandika tarehe kwa kanuni ya ISO 8601, yaani mwaka, mwezi, kisha siku. Ila kwanza huigeuza ifuate saa za UTC. Sisi Uganda tumezitangulia kwa saa 3. Basi siku yetu ianzapo, saa sita usiku, huko bado ni saa tatu usiku wa jana: 2025-03-14T21:00:00.000Z. Nami nilichukua herufi 10 za kwanza tu!

Sasa nautwaa mwaka kwa getFullYear, mwezi kwa getMonth na siku kwa getDate, zifuatazo saa za hapa. Penye mwezi naongeza 1, maana JavaScript (ajabu!) huihesabu Januari kuwa 0.