SOMO LA KIKUNDI: VIPINDI VYA REDIO VINAVYOMNGOJA MFANYAKAZI



Somo letu la leo ni juu ya redio, lakini si ile ya kukimbilia nyumbani kabla saa haijapita. Wengi wetu tunafanya kazi kwa zamu. Anayeingia kiwandani jioni hasikii taarifa ya habari wala mazungumzo. Anayechuma chai toka alfajiri anarudi kambini amechoka, na akifungua redio anakuta muziki na matangazo ya sabuni. Siku hizi vituo vingi vikishatangaza kipindi hukiweka kwenye intaneti, nawe unakichukua, unakitia ndani ya simu, unakisikiliza saa uipendayo. Kipindi cha namna hiyo huitwa podikasti. Neno hilo lilitokea katika gazeti moja la Uingereza mwaka 2004. Lisikutishe. Ni kama kaseti tulizokuwa tukirekodi na kupeana, ila hakuna mkanda wa kukatika.

Shida ni kwamba podikasti ni nyingi kama majani ya chai, na nyingine ni makapi matupu. Tuanzie wapi? Sisi tunasema: tuanzie kwenye redio ya umma. Redio ya namna hiyo haikuanzishwa ili tajiri apate faida. BBC ya Uingereza hulipiwa kwa ada ya leseni inayotozwa nyumba zenye televisheni. Vituo vya umma vya Marekani vinaishi kwa michango ya wasikilizaji, kwa fedha za wafadhili, na kwa miaka mingi pia kwa fungu la serikali. Hatusemi kwamba hawa ni malaika. Ila mtangazaji asiyelazimika kuuza sabuni kila baada ya dakika tano anaweza kukaa na mchimba makaburi saa nzima akamsikiliza.

Mtu wa namna hiyo alikuwapo. Jina lake Studs Terkel, wa mji wa Chicago. Alitangaza katika kituo cha WFMT toka mwaka 1952 hadi 1997. Mwaka 1974 alitoa kitabu juu ya kazi, kilichojaa maneno ya wafanyakazi wenyewe: mhudumu wa hoteli, mwendesha teksi, mtu wa kiwanda cha chuma. Mmoja wao ni Gary Bryner, mwenyekiti wa tawi la chama katika kiwanda cha magari cha Lordstown, Ohio, ambako mwaka 1972 wafanyakazi waligoma kwa sababu mtambo ulikuwa ukiendeshwa mbio, magari 100 kwa saa. Nani kati yetu hajui maana ya mtambo kuongezwa mwendo? Kanda za mahojiano ya kitabu hicho zilikaa miaka mingi ndani ya maboksi. Mwaka 2016 baadhi yake zilitolewa, zikasikika katika redio ya umma na kama podikasti. Toka mwaka 2018 hazina ya vipindi vyake vya redio imefunguliwa kwenye intaneti, na kusikiliza ni bure.

Ndiyo, ni Kiingereza. Hapa ndipo podikasti inapoishinda redio, maana unaweza kuisimamisha. Ndugu mmoja aliyesoma anasikiliza dakika mbili, anabonyeza, anatueleza kwa Kiswahili, tunabishana, tunaendelea. Na kwa Kiswahili hatukukosa. Idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa hutoa vipindi vya kuchukua bila malipo. Redio ya Ujerumani, DW, iliyoanza Kiswahili mwaka 1963, ilitengeneza toka mwaka 2008 michezo ya Noa Bongo, mifupi, ya kuwafaa vijana wetu. Na kwa wenzetu wa Congo iko Radio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Hirondelle la Uswisi, nayo inatangaza kwa Kifaransa na lugha nne za nchi, Kiswahili kikiwamo.

Ukipata kipindi usichokijua, kipime. Nani analipa? Kilitolewa mwaka gani? Mfanyakazi anasema mwenyewe, au anasemewa na meneja na mtaalamu? Sikiliza viwili au vitatu vya zamani kabla hujawaambia wenzako. Usifuate orodha ya vinavyosikilizwa zaidi. Orodha hiyo inahesabu vichwa tu. Afadhali ufuate jina la mtengenezaji, kama unavyomfuata fundi mzuri akihama duka.

Jambo la nani anachagua si dogo. Katika viwanda vya sigara za kuviringisha huko Cuba, toka mwaka 1865, na baadaye Tampa, Florida, wafanyakazi walikuwa na msomaji. Alikaa juu ya jukwaa akisoma kwa sauti magazeti na riwaya wakati mikono inaviringisha tumbaku. Mshahara wake walichanga wafanyakazi, na vitabu walivichagua wao. Mwaka 1931 matajiri wa Tampa waliwaondoa wasomaji, wakidai wanachochea siasa. Wafanyakazi waligoma, hawakufaulu. Mahali pa msomaji pakawekwa redio.

Na redio ya umma nayo huweza kukatwa. Mwezi wa Julai 2025 Bunge la Marekani liliondoa dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengewa utangazaji wa umma, na mwezi uliofuata shirika lililogawa fedha hizo, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, likatangaza kwamba linafunga kazi. Walioumia zaidi ni vituo vidogo vya mashambani. Kwa hiyo ukiona kipindi kizuri kihifadhi ndani ya kadi ya simu, usitegemee kwamba kesho utakikuta.

Jirani zetu wa Tanzania walifanya mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Tawi linaweza kufanya hivyo hivyo. Mmoja achukue kipindi mahali penye intaneti ya bure, awarushie wenzake kwa blututhi. Sauti tupu inakula bando kidogo kuliko video. Tafuteni spika ndogo. Watu kumi na watano wanatosha, wakizidi wengine watasinzia. Kipindi kisizidi nusu saa, na majadiliano yapewe muda mrefu kuliko kipindi.

Kwa mkutano wa kwanza mjadili haya: kwa nini matajiri wa Tampa walimwogopa msomaji lakini redio hawakuiogopa? Na kama Terkel angekuja shambani kwetu na kinasa sauti chake, tungependa amhoji nani kwanza? Katibu wa kikundi aandike majibu, ayalete ofisi ya tawi.