Soma karatasi yako ya damu: emoglobini na feritini



Wengi wakitoka maabara wanatafuta tu kama kuna mshale kando ya namba. Hakuna mshale? "Niko muzima!" Karatasi inaingia kabatini. Leo tusome mistari miwili ya karatasi ile.

Emoglobini ndiyo inayobeba hewa katika damu, na haitengenezwi bila chuma. Kwa mwanaume mkubwa isishuke chini ya 13, kwa mwanamke 12, kwa mwenye mimba 11 (miezi ya katikati 10,5). Maabara nyingine inaandika 130 au 120, maana inahesabu kwa lita. Ni damu ileile, usishituke. Lakini namba hizo ni za watu wanaokaa karibu na usawa wa bahari. Kolwezi iko juu zaidi ya mita 1400. Hapa hewa ni nyepesi, mwili unahitaji emoglobini zaidi kidogo. Basi mama wa Kolwezi mwenye 12,2, munganga anaweza kumwambia damu yake ni kidogo.

Feritini inaonyesha ghala la chuma. Ghala linaisha kwanza, emoglobini inashuka nyuma. Kwa mtu mkubwa asiye na ugonjwa, chini ya 15 ghala ni tupu. Hapa ndipo karatasi inadanganya: malaria, kidonda chenye usaha, homa ya mapafu, vyote vinapandisha feritini. Mtu anasoma 50, anafurahi, kumbe ghala halina kitu. Kwa mkubwa mwenye ugonjwa wa namna hiyo munganga anatia mashaka chini ya 70. Kwa mtoto asiyetimiza miaka 5, chini ya 30. Kwa hiyo mwambie munganga siku ulizokuwa na homa, hata kama hakuuliza.

Usikimbilie vidonge vya chuma sokoni. Damu inapungua pia kwa minyoo, kwa malaria, kwa ugonjwa wa SS. Na mwenye SS aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma kupita kiasi, kinachoharibu ini na moyo. Vidonge ulivyopewa na munganga uvifungie: mtoto mdogo akimeza vingi anaweza kufa.

Mezani, sombe, maharagi na ndakala vina chuma. Kula na chungwa au ndimu. Chai ingoje saa moja, inazuia chuma kuingia mwilini.

Ukirudi kupimwa, chukua na karatasi ya zamani.