Dizeli Huendesha Injini na Tena Huilainisha Pampu

Njia iteremkayo kutoka Kiserian kwenda Magadi ni njia ya jua kali na vumbi jingi. Malori yapitayo njia hiyo, matrekta ya mashambani karibu na Kitengela, vinu vya kusagia posho, na mashine zivutazo maji katika visima virefu vya Kajiado, mengi katika hayo hutumia mafuta ya dizeli. Mashine ya kisima ikisimama wakati wa kiangazi, mwenye mashine si peke yake apataye hasara. Ng'ombe na mbuzi wa watu wengi hubaki wamesimama penye birika kavu, wakingoja. Kwa hiyo yafaa kila mwenye chombo cha dizeli aijue sababu moja iharibuyo pampu, ambayo watu wengi hawaifahamu.

Kazi mbili za dizeli

Watu wengi hudhani ya kuwa oili itiwayo katika injini hufika kila mahali penye chuma kinachosuguana. Sivyo. Injini ya dizeli, ambayo Mjerumani Rudolf Diesel aliifanyia majaribio yaliyofaulu mwaka 1897 katika mji wa Augsburg, haina plagi za kutoa cheche. Hewa hugandamizwa ndani yake hata ikawa moto sana, kisha mafuta hupulizwa humo kwa nguvu kupitia nozeli, yakawaka yenyewe. Ili kuyapuliza hivyo, pampu hapana budi iyasukume mafuta kwa nguvu nyingi mno. Vyuma vilivyo ndani ya pampu hiyo vimechongwa kwa uangalifu hata nafasi iliyopo baina yao ni sehemu chache tu za elfu ya milimita. Unywele wa mtu ni mnene kupita nafasi hiyo zaidi ya mara kumi.

Katika pampu nyingi za zamani, sehemu ya chini hupata oili ya injini. Lakini katika pampu za mzunguko, na katika nyingi za zile zilizomo katika magari ya siku hizi, ni dizeli yenyewe ilainishayo vyuma. Basi dizeli ina kazi mbili: kuwaka, na kulainisha. Dizeli yaweza kuwaka vizuri sana, na huku imeshindwa kazi ya pili.

Salfa ilipopunguzwa

Zamani dizeli ilikuwa na salfa nyingi. Salfa hiyo ilipoungua ilitoa moshi udhuruo mapafu ya watu, hasa mijini. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilishika kanuni mpya, kwamba salfa katika dizeli isizidi sehemu 50 katika kila sehemu milioni moja. Jambo hilo ni jema kwa afya.

Lakini salfa huondolewa mitamboni kwa gesi ya haidrojeni na moto mkali, na kazi hiyo huondoa pia vitu vingine vidogo vilivyokuwa vikishikamana na chuma na kukikinga. Si salfa yenyewe iliyokuwa ikilainisha, bali ni vitu hivyo vilivyotoka pamoja nayo. Watu wa Sweden walilijua jambo hili mapema. Mwaka 1991 walipoanza kutumia dizeli yenye salfa kidogo sana, pampu nyingi zililika kabla ya wakati wake. Ndipo wataalamu walipotafuta dawa ya kurudisha ulaini uliopotea.

Jinsi ulaini upimwavyo

Kipimo chake ni rahisi kufahamika. Kijipira cha chuma chenye upana wa milimita 6 husuguliwa juu ya kisahani cha chuma kilichozama katika dizeli yenye joto la digrii 60, kwa muda wa dakika 75. Kisha alama iliyolika juu ya kijipira hupimwa kwa darubini. Kanuni ya nchi za Ulaya husema ya kuwa alama hiyo isizidi sehemu 460 za elfu ya milimita, yaani pungufu ya nusu milimita. Alama ikizidi hapo, dizeli hiyo ni kavu mno.

Dawa yenyewe na kipimo chake

Dawa zitumikazo zaidi ni asidi za mafuta na jamii yake, nazo mara nyingi hutokana na mimea. Upande mmoja wa kila chembe ya dawa hushika chuma, na upande mwingine huelekea kwenye mafuta. Hivyo chuma huvikwa utando mwembamba, na kikisuguana na chuma kingine huteleza badala ya kukwaruzana. Dizeli itokanayo na mimea nayo husaidia. Ikichanganywa sehemu moja au mbili tu katika mia, ulaini hurudi.

Kipimo cha dawa ni kidogo mno. Kipimo cha sehemu 200 kwa milioni, katika pipa la lita 200, ni mililita 40 tu, ambazo hazijazi kikombe kidogo cha kahawa. Lakini dawa ziuzwazo katika chupa huwa zimezimuliwa kwa namna mbalimbali. Basi lazima mtu afuate kipimo kilichoandikwa juu ya chupa, asikadirie kwa macho. Kuzidisha hakuongezi faida, na kwaweza kuziba chujio.

Tena ijulikane ya kuwa dizeli nzuri huwa imekwisha kutiwa dawa hiyo kabla haijafika kituoni. Anunuaye mafuta safi mahali paaminifu hana haja kubwa ya kuongeza nyingine.

Mambo dawa isiyoweza kuyaponya

Kwa muda mrefu katika Kenya mafuta ya taa yalikuwa na bei ndogo kuliko dizeli, na wadanganyifu waliyachanganya ili wapate faida. Kwa sababu hiyo, Septemba 2018 Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni mepesi na makavu. Katika joto la Magadi, ambako mafuta yote huzidi kuwa mepesi, utando baina ya vyuma hukonda zaidi, na pampu hulika. Chupa moja ya dawa haiwezi kuyageuza mafuta yaliyoghoshiwa yakawa dizeli.

Wengine humimina oili iliyokwisha kutumika ndani ya tangi, wakidhani wanailainisha pampu. Oili hiyo imejaa masizi na chembe za chuma, nayo huziba nozeli na kukwaruza kile kilichokusudiwa kukingwa.

Kuna na jambo la magadi yenyewe. Wengi wajua ya kuwa mafuta na magadi vyaweza kufanya sabuni. Vivyo hivyo, vumbi la magadi likiingia katika pipa lenye maji kidogo, laweza kuungana na dawa ya asidi likafanya sabuni ndani ya dizeli, na sabuni hiyo ikaziba chujio. Mwenye kuweka pipa karibu na ziwa alifunike sana.

Mambo ya kushika

1. Nunua dizeli kituo kijulikanacho, na uombe risiti.

2. Pipa lifunikwe, likae kivulini, na maji yaliyotuama chini yaondolewe kabla ya kumimina.

3. Badili chujio kwa wakati wake.

4. Ukitumia dawa, fuata kipimo, uitie kwanza, kisha mimina dizeli ili vichanganyike.

5. Injini ikiwa nzito kuwaka, au ikipungukiwa nguvu, mwite fundi upesi. Dawa hukinga chuma kilicho kizima, wala hairudishi chuma kilichokwisha kulika.

Gharama ya chujio ni ndogo. Gharama ya pampu mpya yaweza kumlazimu mtu auze ng'ombe. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo lafaa mashine kama lifaavyo nyumba.