Mwanafunzi na Majuma ya Mwisho Kabla ya Krismasi

Katika majuma ya Majilio sisi hupamba kanisa, hufundisha watoto nyimbo, na kuingoja sikukuu kwa furaha. Lakini katika vyuo vya Marekani, ambako baadhi ya vijana wetu wamekwenda kusoma, majuma hayo hayo ndiyo mazito kuliko yote ya muhula. Yatupasa kuijua hali yao ili tuwasaidie. Tena jambo hili lamfundisha kila ajifunzaye, awe wa chuo au wa darasa la Kipaimara.

Kwanza, tuangalie sababu ya uzito huo. Katika vyuo vingi muhula huanza mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, nao huisha kabla ya Krismasi. Alhamisi ya nne ya Novemba ni Siku ya Shukrani, kama ilivyowekwa kwa sheria ya mwaka 1941, na wanafunzi wengi huenda kwao. Warudipo, husalia majuma mawili au matatu tu. Hapo kila mwalimu hudai insha yake kana kwamba somo lake ni la pekee, kisha huja mitihani. Wala alama si mchezo: asomaye kwa msaada wa fedha aweza kuupoteza msaada huo alama zake zikishuka mno.

Mfano mmoja ni chuo cha St. Olaf, katika mji wa Northfield, jimbo la Minnesota, kilichoanzishwa mwaka 1874 na Walutheri wenye asili ya Norway. Mwaka 1912 mwalimu wa muziki F. Melius Christiansen alianzisha hapo sikukuu ya nyimbo za Krismasi, nayo yaendelea hata leo. Kwaya tano na okestra ya wanafunzi huimba na kupiga siku kadhaa, na mitihani hufuata baada ya muda mfupi. Basi twaona kwamba si uvivu tu umchoshao mwanafunzi. Mara nyingi kazi mbili njema zagombea saa moja.

Pili, tuseme habari ya kukesha. Wengi hudhani kwamba usiku mmoja wa kusoma bila kulala utafidia majuma yaliyopita. Lakini akili si gunia la kushindiliwa mahindi. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, mtaalamu wa Ujerumani, alitoa kitabu cha majaribio aliyoyafanya juu ya kumbukumbu yake mwenyewe. Aliona kwamba tulilojifunza hutupotea upesi sana mwanzoni, na kwamba kujifunza kulikogawanywa katika siku kadhaa hushinda kule kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena mwaka 2006 Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapima wanafunzi. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma habari walionekana wameshinda. Baada ya juma moja, walioifunga karatasi na kujaribu kuiandika habari kwa kukumbuka ndio walioishika zaidi. Basi mwanafunzi asidanganywe na wepesi wa kusoma tena yale aliyokwisha kuyaona. Wala usingizi si hasara, kwa maana ndani yake yale tuliyojifunza mchana huimarishwa.

Tatu, afanye nini? Yusufu huko Misri hakungoja njaa ije ndipo aweke akiba. Mwanafunzi na aandike katika karatasi moja kila kazi na siku yake, kisha ahesabu siku kwa kurudi nyuma, na kuanza na iliyo nzito. Kila jioni afunge kitabu na kujiuliza amekumbuka nini. Alale saa saba au zaidi. Akilemewa, amwendee mwalimu wake kabla ya siku ya mwisho, si baada yake.

Nne, sisi tulio nyumbani tufanye nini? Ugomvi wa shamba au wa ukoo, ukiweza kungoja, na ungoje hata mitihani iishe. Tena tukumbuke kwamba wenzake waendapo kwao, mgeni wa mbali mara nyingi hubaki, kwa kuwa nauli ni kubwa. Salamu zetu zimfikie hasa siku hizo, nazo zisianze kwa kuuliza, “Umefaulu?” Maana Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana si tuzo la waliofaulu, yamjia hata aliyechoka, na hata aliyeanguka.

Maswali ya kufikiri:

1. Kwa nini anayerudia kusoma huonekana ameshinda, naye kesho husahau?

2. Katika mafundisho yetu ya Kipaimara, je, twawapa watoto nafasi ya kukumbuka wenyewe, au twawasomea tu?

3. Ni kijana gani wa usharika wetu aliye mbali, naye hajapata neno letu mwezi huu?