Usifute Anwani ya Zamani Kabla ya Kuonyesha Njia Mpya

Somo la leo ni la vikundi vyenye tovuti ya lugha zaidi ya moja. Tuchukue mfano wa kikundi cha Dadaab chenye kurasa za Kisomali, Kiswahili na Kiingereza. Anwani ya ukurasa mmoja imebandikwa ukutani kwenye kliniki. Nyingine iko ndani ya simu ya mama wa Dagahaley. Mkifuta kurasa hizo leo, karatasi ya ukutani haina habari. Mama atafungua aone namba 404, yaani ukurasa haupatikani. Bando imekwisha bure.

Lakini kusafisha ni lazima, kwa maana mambo hubadilika. Kambi ya Kambioos ilifungwa 2017. Ukurasa wa zamani unaomtuma mgonjwa huko unaweza kumpotezea siku nzima juani. Basi tusafishe, ila kwa utaratibu.

1. Orodhesheni kwanza. Chukueni daftari, mwandike anwani ya zamani, lugha yake, na ukurasa mpya unaochukua nafasi yake. Mwombeni fundi kumbukumbu za seva, zinaonyesha anwani gani bado zinafunguliwa. Hesabuni kila lugha peke yake. Ukurasa wa Kiingereza ukikosa wasomaji, si kusema wa Kisomali nao hauna.

2. Wekeni nakala. Ifo 2 ilifungwa 2018, halafu ikafunguliwa tena 2023. Aliyetupa kurasa zake alilazimika kuanza upya.

3. Pelekeni lugha kwa lugha. Ukurasa wa zamani wa Kisomali uelekezwe kwenye ukurasa mpya wa Kisomali wenye habari ile ile. Msirundike wote kwenye ukurasa wa mbele wa Kiingereza. Huko ni kumfikisha mgeni getini na kumwacha hapo. Angalieni pia alama za lugha: Kisomali ni so, Kiswahili ni sw, Kiingereza ni en. Wengine huandika ke kwa Kiswahili, kumbe ke ni alama ya nchi ya Kenya. Mkiirekebisha, anwani zote za Kiswahili zitabadilika, kwa hiyo kila moja ielekezwe.

4. Tumieni namba inayofaa. 301 ni kuhama kabisa. 302 ni kuhama kwa muda. 410 ni kwamba ukurasa umeondolewa na haurudi. Kama huduma imefungwa lakini watu bado wanaiulizia, ni afadhali ukurasa ubaki na maneno machache: imefungwa mwaka fulani, nendeni mahali fulani.

5. Njia iwe moja kwa moja. Anwani ya kwanza isipeleke ya pili, nayo ipeleke ya tatu. Mtandao ukiwa dhaifu, kila kituo ni kungoja.

6. Jaribuni kwa simu ndogo, kila lugha isomwe na mwenye lugha yake. Google hushauri maelekezo yakae angalau mwaka mmoja. Sisi tunasema, maadamu karatasi iko ukutani, yaacheni.

7. Lipieni jina la tovuti kila mwaka, hata kama mmehamia jina jipya. Jina likiachwa, mtu mwingine anaweza kulisajili, kisha aweke fomu ya uongo ya kuhamia ng'ambo na kudai pesa. Huduma za UNHCR hazilipiwi, lakini mtu aliyezoea anwani yenu ataamini akionacho hapo.

Ndugu zetu, kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, subira na mtu wa kila lugha.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
- Anwani zetu zimeandikwa wapi, kwenye karatasi gani na kuta zipi?
- Nani kati yetu atakagua kurasa za Kisomali?
- Jina la tovuti yetu linaisha lini, na risiti anayo nani?