Kiumbe Asiye na Mama: Sayansi na Mwanamke katika Riwaya ya Frankenstein

Wengi wetu hudhani Frankenstein ni jina la zimwi. Sivyo. Ni jina la Victor Frankenstein, mwanafunzi wa Ingolstadt, Ujerumani, aliyeunga viungo vya maiti na kuvitia uhai. Katika somo hili tunauliza: kosa lake lilikuwa lipi hasa?

Mary Shelley, Mwingereza, alianza kuandika riwaya hii mwaka 1816 akiwa na miaka 18. Ilichapishwa mwaka 1818 bila jina lake. Mama yake, Mary Wollstonecraft, mtetezi wa elimu ya wanawake, alifariki siku chache baada ya kumzaa. Mwaka 1815 Mary naye alifiwa na mtoto wake mchanga. Uzazi na mauti aliyajua kwa karibu.

Tukisoma kwa makini, tunaona kwamba Victor anataka kuleta uhai peke yake, bila mwanamke. Anafaulu. Lakini kiumbe anapofumbua macho, muumba wake anamkimbia. Hampi hata jina. Kiumbe anajifunza kusema na kusoma, anakataliwa na kila mtu, na ndipo anapoanza kuua.

Baadaye anaomba mwenzi wa kike. Victor anaanza kumtengeneza, kisha anamrarua kabla hajapata uhai. Anaogopa, pamoja na mengine, kwamba mwanamke huyo atakuwa na akili yake, na atakataa mapatano yaliyofanywa kabla hajakuwapo.

Filamu ya James Whale ya mwaka 1931 inageuza hoja. Msaidizi anaiba ubongo wa mhalifu, na ubaya unaonekana kuzaliwa na kiumbe, wala si kutokana na kutelekezwa. Mwandishi mwenyewe anatajwa kwa jina la mumewe: Bi. Percy B. Shelley. Katika filamu ya mwaka 1935, bibi arusi anapata uhai lakini hapewi neno hata moja. Anamkataa mume aliyepangiwa kwa mayowe tu. Katika ile ya Kenneth Branagh ya mwaka 1994, Victor anamrudishia uhai Elizabeth, mkewe aliyeuawa, naye anajichoma moto.

Riwaya haikatazi kutafuta elimu. Wahenga walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Basi mbele ya kila ugunduzi unaogusa uhai, tusiulize tu kama unawezekana. Tuulize pia: nani atalea, na nani hakuulizwa?