SOMO LA MWEZI: RAHELI ALIFIA NJIANI

Someni kwanza: Mwanzo 35:16-20 na Luka 1:39-56.



Habari ya kifo cha Raheli ni aya tano tu, na mara nyingi twaipita haraka. Mwezi huu tuisome polepole. Yakobo na jamaa yake walikuwa wametoka Betheli. Kabla hawajafika Efrathi, Raheli akashikwa na uchungu, nao ukawa mzito. Mtoto alizaliwa hai. Mama akafa, akazikwa kando ya njia.

Angalieni jambo hili: Raheli hakukosa mume wa kumpenda. Hakukosa mkunga, alikuwapo, tena alimtia moyo. Lakini saa ya hatari ilimkuta safarini. Biblia haisemi kwamba angefika angepona. Hata hivyo, sisi wa Mafia twaijua safari ya namna hiyo.

1. Njia yetu ni bahari

Hospitali ya Wilaya iko Kilindoni. Mama wa Jibondo, Juani au Chole akihitaji kufika huko, hana budi kuvuka maji kwanza, kisha atafute gari. Uchungu haungoji maji yajae. Maji yakipwa usiku, chombo hukaa mchangani. Kusi ikivuma kwa nguvu, hata nahodha mzoefu husita. Na ikibidi mgonjwa apelekwe bara, iko bahari nyingine ya kuvuka hadi Nyamisati.

2. Kuchelewa kwa namna tatu

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mama wajawazito hufa kwa kuchelewa mara tatu: kuchelewa kukata shauri nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kupata matibabu wakiisha kufika. La tatu ni la Serikali na waganga, ingawa sisi nasi twaweza kutoa damu. Mawili ya kwanza yamo mikononi mwetu.

Wala tusikate tamaa. Uchunguzi wa taifa wa 2015-16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Vifo hivi vyaweza kupungua.

3. Yatupasayo kufanya

(a) Mama aanze kliniki mapema, asingoje tumbo liwe kubwa. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani hushauri mahudhurio manane.

(b) Kila mtu nyumbani, hasa baba, ajue dalili za hatari: kutoka damu, kichwa kuuma sana, macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, degedege, homa, na mtoto kuacha kucheza tumboni. Dalili hizi hazingoji kikao cha wazee.

(c) Mambo haya yapangwe kabla ya mwezi wa tisa: chombo cha nani, nahodha nani, fedha ya mafuta, na ndugu wawili wa kutoa damu.

(d) Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza. Dang'a si uchafu. Ni kinga yake ya kwanza. Mtoto mchanga asiyenyonya, au anayepumua haraka, apelekwe zahanati siku ileile.

4. Nyumba ya Zakaria

Sasa tumtazame Mariamu. Alisafiri mapema, akapokewa na Elisabeti, akakaa kwake kama miezi mitatu. Hapa ndipo penye fundisho kwa Wakristo wa Kilindoni. Mama wa kisiwani akikaribishwa kwako majuma mawili au matatu kabla ya siku zake, bahari huwa ameivuka mchana, maji yakiwa shwari. Wengi wa jirani zetu ni Waislamu. Tusiulize dini ya mgeni. Tumpe kitanda, uji na maji ya kuoga.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika nyumba yetu, ni nani hukata shauri la kwenda hospitali? Asipokuwapo, itakuwaje?
2. Ni nani katika mtaa wetu anakaribia kujifungua, na amepangiwa chombo gani?
3. Nani kati yetu ana chumba cha mgeni?

Tuombe

Ee Bwana uliyezaliwa na mwanamke safarini, mbali na kwao, uwalinde mama wote wanaovuka maji. Utuamshe sisi mapema, tusije tukalia kando ya njia. Amina.